Muungwana ni Kitendo: Kitendo cha Nani?

Katika mikutano yetu hapana methali inayopigiwa makofi upesi kuliko "Muungwana ni kitendo." Kiongozi akitaka kufunga hotuba yake husema hivyo. Mwanachama akitaka kumkumbusha kiongozi ahadi ya kisima au zahanati, naye husema hivyo hivyo. Sisi wenyewe tumeitumia mara nyingi bila ya kuiuliza swali lolote. Lakini kazi mojawapo ya nadharia ni kuyahoji hata maneno tunayoyapenda. Katika makala haya twakusudia kuihoji methali hii, pamoja na neno lililomo ndani yake, uungwana, ambalo limekuwa kipimo chetu cha maadili nyumbani, kazini na hata katika Chama.

Tuanze na jambo ambalo wanafunzi wengi wa leo hawalijui. Methali tunayoitumia ni nusu tu. Yote kwa ukamilifu ni hii: "Ada ya mja hunena, muungwana ni kitendo." Mja hapa ni mtumwa, kama vile tusemavyo kwamba sisi sote ni waja wa Mungu. Kwa hiyo methali nzima yasema kwamba desturi ya mtumwa ni maneno, na desturi ya aliyezaliwa huru ni matendo. Nusu ya kwanza tumeiacha njiani, pengine kwa haya, pengine kwa kusahau tu. Lakini nusu iliyobaki ilizaliwa pamoja na mwenzake, na sifa anayopewa muungwana imepatikana kwa kumnyima mja sifa hiyo.

Basi swali letu ni hili: katika jamii iliyoizaa methali hiyo, ni nani hasa aliyekuwa akitenda?

Maneno na matabaka

Katika miji ya mwambao wa karne ya 19, kutoka Lamu na Mombasa hadi Unguja, Bagamoyo na Kilwa, muungwana alikuwa mtu aliyezaliwa huru, mwenye ukoo unaojulikana mjini. Haikuwa lazima awe mtu mwema. Uungwana ulikuwa kwanza ni hali ya mtu katika jamii, kama vile utumwa ulivyokuwa hali. Maana ya tabia njema ilijengwa juu ya maana hiyo. Adabu, ukarimu, kutimiza ahadi na kujistahi vilihesabiwa kuwa ndivyo vimfaavyo mtu huru, na kinyume cha hayo kikabandikwa mtumwa. Ndiyo maana twaambiwa kwamba muungwana akivuliwa nguo huchutama: hata akiaibishwa anajua kujisitiri. Mtumwa hakutazamiwa kuwa na heshima ya kusitiri. Mtoro bin Mwinyi Bakari wa Bagamoyo, ambaye maandishi yake juu ya desturi za Waswahili yalichapishwa Ujerumani mwaka 1903, ameonyesha jinsi hata mavazi yalivyowatenga watu hao wawili, mtu huru na mtumwa.

Tukiacha mavazi tukatazama kazi, picha inageuka. Sayyid Said alipoyahamishia makao yake Unguja katika nusu ya kwanza ya karne hiyo, mashamba ya mikarafuu yalienea Unguja na Pemba. Mikono iliyopanda mikarafuu, iliyopalilia na kuchuma, ilikuwa kwa sehemu kubwa mikono ya watumwa walioletwa kutoka bara, wengi wao kutoka pande za Ziwa Nyasa. Watumwa walilima nafaka Malindi na Mrima. Walichota maji, walipika, walilea watoto, walibeba mawe ya nyumba na mizigo ya misafara. Na huyu ndiye aliyeambiwa kwamba ada yake ni kunena.

Methali iliwezaje kusema jambo lililo kinyume cha yale ambayo kila mtu aliyaona kwa macho yake? Jibu ni kwamba kitendo cha mtumwa hakikuhesabiwa kuwa chake. Mtumwa akijenga, ilisemwa bwana amejenga. Mtumwa akilima, bwana ndiye aliyelima. Neno lenyewe lasema: mtumwa ni mtu anayetumwa, na anayetumwa huhesabiwa kuwa mkono wa yule anayemtuma. Kilichobaki kuwa mali ya mtumwa ni sauti yake tu, yaani manung'uniko yake, na hayo ndiyo yaliyofanywa kuwa aibu yake. Hivyo methali inamnyang'anya mtenda kazi mara mbili: inachukua kazi yake na kumpa mwingine, kisha inamcheka kwa kulalamika.

Asidhani mtu kwamba tunazungumzia mambo yaliyokufa. Mara ngapi tumesikia kwamba kiongozi fulani "amejenga" shule, au "ameleta" maji? Wananchi walisomba mawe na mchanga, mafundi walipanga matofali, akina mama walipika chakula cha mafundi, na fedha zilitoka katika kodi ya wote. Siku ya kufungua shule, kitendo chote kina jina moja, nalo limechongwa katika jiwe la ufunguzi. Sarufi ya bwana na mtumwa ingali inafanya kazi katika sentensi zetu.

Tena si neno hilo moja. Mjinga lilikuwa jina la mtumwa mgeni aliyetoka bara, ambaye bado hajaijua lugha na desturi za pwani; leo ni tusi kwa mtu yeyote asiyejua. Mshenzi alikuwa mtu wa bara asiye wa mji. Leo ni tusi kwa mtu asiye na adabu. Kibarua ni barua ndogo, yaani cheti cha mtu wa kazi ya kutwa. Leo ni mtu mwenyewe, kana kwamba mtu amekuwa karatasi yake. Na mshamba ni mtu wa shamba tu, mtu anayelima, lakini mjini neno hilo ni dharau. Tunakaa chini ya bendera yenye jembe na nyundo, tunatangaza kwamba mkulima ni nguzo ya nchi, kisha tunacheka na kuitana washamba. Hapa pana mgongano kati ya itikadi tunayoitamka na itikadi iliyojificha katika ulimi, na katika maisha ya kila siku ile iliyojificha ndiyo yenye nguvu zaidi.

Si kwa Waswahili peke yao

Wako watakaosema kwamba tunauonea utamaduni wetu. Sivyo. Kila jamii iliyogawanyika katika matabaka imeyapa maneno yake ya maadili alama za mgawanyiko huo. Aristotle, katika karne ya 4 kabla ya Kristo, alifundisha kwamba mtumwa ni chombo chenye uhai, na kwamba mtu anayeishi maisha ya kazi za mikono hawezi kuwa na wema kamili wa raia. Falsafa hiyo ya wema ilifundishwa na mtu aliyekula chakula kilichopikwa na vyombo hivyo vyenye uhai. Katika Kiingereza, neno villain, ambalo leo ni mtu mwovu wa mchezo au hadithi, lilitokana na jina la mkulima aliyefungwa katika ardhi ya kabaila. Kwao nako, basi, mshamba ndiye aliyefanywa mwovu.

Nietzsche, alipoandika juu ya asili ya maadili mwaka 1887, aliliona jambo hili waziwazi. Aliona kwamba watu wa juu walijiita wema kwa kuwa walikuwa juu, na wakawaita wa chini wabaya kwa kuwa walikuwa chini. Uchunguzi wake ulikuwa mkali, lakini moyo wake ulikuwa upande wa mabwana. Sisi tunaupokea uchunguzi na kuukataa upande.

Hegel, katika kitabu chake cha mwaka 1807, alikwenda mbali zaidi. Alieleza kwamba bwana hupata matunda ya vitu bila ya kuvigusa, kwa hiyo hutegemea kazi ya mtumwa na hajui kufanya lolote. Mtumwa, kwa kukishika kitu na kukibadilisha, hujiona mwenyewe katika kazi yake na kujitambua. Tukiitazama methali yetu kwa jicho hili, inapinduka: mja ndiye kitendo, na muungwana ndiye aliyebaki na maneno ya kuamuru. Lakini Hegel naye hatumpokei bila ya kumpima. Ukombozi anaoueleza huanza na kukomea katika fahamu, na mtu anaweza kujitambua vizuri sana huku mnyororo ungali mguuni. Tena mwalimu huyo huyo, katika mihadhara yake juu ya historia, aliiweka Afrika nje ya historia ya ulimwengu. Yeye aliyefahamu kwamba mtumwa ndiye mtenda kazi hakuwatambua watenda kazi wa Afrika. Ni onyo kwetu kwamba mtu anaweza kuwa na nadharia sahihi na akashindwa kumwona mtu aliye mbele yake.

Neno lililonyakuliwa

Hoja ya pili itakayotolewa dhidi yetu ni nzito zaidi. Itasemwa kwamba maneno hubadilika, kwamba leo muungwana ni mtu yeyote mwenye tabia njema, na kwamba kufukua asili yake ni kazi ya bure. Hoja hii ina ukweli, na ukweli huo una historia yake.

Soko la watumwa la Unguja lilifungwa mwaka 1873. Amri ya mwaka 1897 iliondoa hali ya utumwa katika sheria za Unguja na Pemba, lakini mtumwa alilazimika kwenda mwenyewe kudai uhuru wake, na fidia ilipewa aliyekuwa bwana, wala si aliyefanya kazi bila ya ujira. Masuria waliachwa nje ya amri hiyo mpaka mwaka 1909. Tanganyika ilingoja mpaka mwaka 1922. Katika miaka hiyo watu waliotoka utumwani hawakungoja kupewa heshima, waliichukua. Wanawake waliokuwa wakivaa kaniki na merikani za kazi walijifunga kanga za rangi, wakajifunika vichwa, wakashiriki ngoma na sherehe za mji. Walikuwa wakisema kwa nguo zao kwamba uungwana si wa ukoo.

Hata kabla ya hapo, wapagazi na askari wa misafara iliyotoka Unguja kwenda bara, ambao wengi wao walikuwa watumwa au watu walioachwa huru, walijiita Waungwana, na Wazungu waliosafiri nao katika nusu ya pili ya karne ya 19 wakawaandika kwa jina hilo hilo. Walipofika Manyema na ng'ambo yake waliacha lugha yao huko, na Kiswahili cha mashariki ya Kongo kikaitwa Kingwana. Jina la lugha inayosemwa na mamilioni ya watu likatokana na neno ambalo mabwana wa pwani walilitaka liwe lao peke yao.

Huu ni ushindi, nasi tunauheshimu. Lakini hatuna budi kuutazama mpaka mwisho wake. Yule mpagazi aliyeitwa mshenzi Bagamoyo, alipofika Manyema akiwa muungwana, aliwaita wenyeji wa huko washenzi. Ngazi ilibaki pale pale. Yeye amepanda kipandio kimoja tu. Hapa ndipo lilipo funzo la makala haya yote. Mnyonge akilinyakua neno la bwana bila ya kukibadili kipimo kilichomo ndani ya neno, atalitumia kumpimia mnyonge mwingine. Tumeliona jambo hilo katika historia ya nchi nyingi zilizojitawala, ambako wazalendo walirithi nyumba za wakoloni, viti vyao, na pia namna yao ya kumwita mtumishi.

Kunena nako ni kitendo

Turudi katika nusu ya kwanza ya methali, yaani kwamba ada ya mja hunena. Wahenga wa mabwana waliyatenga maneno na matendo ili malalamiko ya mtumwa yasiwe na uzito. Falsafa ya ukombozi haiwezi kuukubali utengano huo. Kwa mtu asiye na mali, asiye na cheo na asiye na ukoo, kusema kweli mbele ya mkubwa ni kitendo, na mara nyingi ni kitendo cha hatari kuliko vyote.

Tumchukue Siti binti Saad. Alizaliwa Fumba, Unguja, katika mwaka wa 1880 hivi, katika familia ya watu wa chini, akawa mfinyanzi na muuza vyungu, kisha akahamia mjini mwaka 1911. Mwaka 1928 alikwenda Bombay kurekodi santuri kwa Kiswahili. Nyimbo zake zilizungumzia dhulma za mahakama na maonevu waliyotendewa wanawake, na watu wa Ng'ambo walijisikia wamesemewa. Kwa kipimo cha methali alikuwa mtu wa chini aliyenena. Kwa kipimo cha historia, kunena kwake kulitenda mengi kuliko ukimya wa waungwana wengi.

Mwongozo wa TANU wa mwaka 1971 uliliingiza jambo hili katika siasa. Ulikataza kiongozi kuwa na majivuno na ubwana, nao wafanyakazi wakalishika neno hilo. Katika miaka iliyofuata, katika viwanda kadhaa, waliwasimamisha mameneja waliowatukana na kuwaonea. Baadhi ya wafanyakazi hao walisikilizwa; wengine walifukuzwa kazi kwa kosa la kuutumia Mwongozo kama ulivyoandikwa. Hatuwezi kuisimulia sehemu moja ya historia hiyo na kuificha nyingine. Inatuonyesha jinsi ilivyo rahisi kwa kiongozi kuikubali nadharia mpaka pale mwenye ovaroli anapoisoma kwa sauti.

Na leo? Mfanyakazi akiuliza juu ya malimbikizo yake huambiwa ni mlalamishi. Mwanakijiji akiuliza mapato na matumizi katika mkutano huambiwa analeta maneno, atuoneshe vitendo. Mwanafunzi akiuliza kwa nini chakula ni kibaya huambiwa hana uungwana. Kila mara nusu iliyofichwa ya methali inarudi bila ya kutajwa. Kada anayemjibu mwananchi kwa njia hiyo amejiweka upande wa bwana, hata kama kadi yake ya Chama ni ya miaka mingi.

Ujamaa na jiko

Sasa tuingie nyumbani, maana huko ndiko maadili yanakopimwa bila ya mashahidi. Mwalimu Nyerere, katika maandishi yake ya mwaka 1962 juu ya msingi wa Ujamaa, alijenga hoja kwamba katika jamii yetu ya asili kila mtu alikuwa mfanyakazi, na akakumbusha ule usemi kwamba mgeni ni siku mbili, siku ya tatu apewe jembe. Mwaka 1967, katika maandishi yake juu ya ujamaa vijijini, aliisahihisha picha hiyo kwa kukiri kwamba jamii ya asili ilikuwa na kasoro, na mojawapo ni kwamba wanawake walifanya kazi kupita sehemu yao ya haki. Mwandishi anayejikosoa hivyo anatufundisha namna ya kumsoma. Hatuna haki ya kuikariri ile ya 1962 na kuisahau ile ya 1967.

Nasi tunaongeza jambo moja. Neno jamaa nalo halina kinga. Katika nyumba za pwani za zamani, mtumwa wa ndani aliitwa mtoto wa nyumbani, na bwana akajiita baba yake. Lugha ya undugu iliifunika kazi isiyo na ujira. Tunasikia nini leo katika nyumba za watumishi wa umma, za wafanyabiashara, na za makada wenyewe? Msichana wa kazi huitwa dada. "Huyu ni kama mwanetu," tunasema mbele ya wageni. Kwa kuwa ni kama mwanetu, hatukuandikiana naye mkataba. Kwa kuwa ni kama mwanetu, mshahara wake tunamwekea sisi. Lakini mwanetu hulala saa tatu, naye hulala wakilala wote. Mwanetu huenda shule, naye humbebea mkoba mpaka kituoni. Mwanetu hula mezani, naye hula jikoni, baadaye, kilichobaki. Tofauti kati ya mwana na kama mwana ndiyo unyonyaji wenyewe.

Sheria imeshatangulia mbele yetu. Sheria ya Ajira na Mahusiano Kazini ya mwaka 2004, inayotumika Tanzania Bara, haikumtoa mtumishi wa nyumbani nje ya ulinzi wake. Naye ana haki ya saa za kawaida za kazi zisizozidi 45 kwa wiki, siku 28 za likizo kwa mwaka, na kupewa masharti ya kazi yake kwa maandishi. Mtoto wa chini ya miaka 14 hairuhusiwi kumwajiri. Kada anayewafundisha wenzake itikadi na hajui kwamba sheria hii imeingia katika jiko lake mwenyewe, somo lake bado halijaanza.

Jambo hili lamhusu pia mke. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 ilizipa mahakama uwezo wa kugawa mali iliyochumwa na wanandoa kwa juhudi za pamoja. Lakini kwa miaka kadhaa majaji walitofautiana: je, kupika, kufua na kulea ni juhudi? Wengine walisema ni wajibu wa mke tu. Mwaka 1983 Mahakama ya Rufani iliamua kwamba kazi ya nyumbani ni mchango katika kuchuma mali. Mwanamke aliyelifikisha shauri hilo hakupata fungu alilodai, kwa kuwa Mahakama iliona kwamba fedha alizokwisha kupewa na mumewe kwa ajili ya mradi zilikuwa ndilo fungu lake, naye akazipoteza. Hata hivyo kanuni ilibaki, na wengine wamefaidika nayo. Kwa lugha yetu, Mahakama ilikuwa ikijibu swali lile lile la methali: kitendo hiki ni cha nani? Ikajibu kwamba ni cha yule aliyekitenda.

Ndugu na mheshimiwa

Tukitoka nyumbani tukaenda ofisini, tutazame namna tunavyoitana. Ahadi ya kwanza ya mwana-TANU iliweka mbele undugu wa binadamu wote, na kutokana na imani hiyo neno ndugu lilitumika kwa waziri na kwa tarishi. Halikufuta tofauti za mishahara, lakini lilimpa tarishi mahali pa kusimama anaposema. Tangu miaka ya 1990, baada ya miiko ya uongozi kulegezwa Zanzibar mwaka 1991 na vyama vingi kurudi mwaka 1992, mheshimiwa limetawala. Ndugu limebaki zaidi katika vikao vya Chama, na hata huko wako wanaoona limepungukiwa na uzito.

Tulihudhuria darasa moja la itikadi lililochukua siku tatu. Mada zilikuwa nzuri, na moja ilihusu usawa wa binadamu. Siku ya kufunga, mshereheshaji alitaja wageni wote kwa vyeo vyao, akamalizia kwa kusema itifaki imezingatiwa. Mama aliyetupikia siku zote tatu alikuwa amesimama mlangoni na sinia. Tulipoulizana jina lake, hapakuwa na aliyelijua, nasi wenyewe tukiwamo. Twalitaja jambo hili kama kujikosoa, maana siku hizo tatu tulizungumza juu ya usawa huku tukipokea chai kutoka mikononi mwake.

Kipimo kingine

Je, tulitupe neno uungwana? Hapana. Lugha haibadilishwi kwa amri, na watu waliotoka utumwani walilipia neno hilo kwa gharama kubwa. Tunachotaka ni kulipima kwa neno jingine tulilonalo, nalo ni utu. Uungwana huuliza: umetoka wapi, na umejichukuliaje mbele ya wenzako? Utu huuliza: umemfanyia nini mtu ambaye hana cha kukulipa wala cha kukuogopesha? La kwanza linaweza kutimizwa sebuleni peke yake. La pili halitimizwi mpaka mtu afike jikoni, shambani na getini kwa mlinzi.

Lakini utu nao ukibaki kuwa neno la hotuba utafanywa pazia kama jamaa lilivyofanywa. Kwa hiyo tunapendekeza kila kada na kila mwanafunzi aanze na majaribio matatu yasiyohitaji kamati. La kwanza ni jina: je, unalijua jina la anayekupikia, anayekufagilia na anayekulinda, na unamwita kwalo au kwa neno la heshima ambalo ungependa mama yako aitwe? La pili ni saa: je, saa zake za kazi zina mwisho, na ujira wake una siku? La tatu ni sauti: alipolalamika mara ya mwisho ulifanya nini, na kama hajawahi kulalamika, je, ni kwa kuridhika au ni kwa hofu?

Anayejibu vibaya majaribio haya asifikiri kwamba ni makosa madogo ya nyumbani yasiyohusiana na siasa. Mtoto anayekua akiona mtu mmoja akila baada ya wengine kila siku, na kuambiwa kwamba mtu huyo ni dada yake, anafundishwa nadharia nzima ya matabaka kabla hajajua kusoma. Tukimpeleka baadaye katika darasa la itikadi tutakuwa tunamfundisha somo la pili, na somo la kwanza ndilo litakalokaa.

Methali tuendelee kuitumia. Lakini tuitumie nzima, tukijua inavyosema, na kila tunapoitamka tumtafute aliyetenda. Akiwa jikoni tumwite aje mezani. Akiwa na la kusema, tunyamaze tumsikilize.